Kutuliza ekzosi ya injini ya dizeli ya mashine ya kusaga

Injini ya dizeli ya silinda moja, ya aina ya S195 au ZS1115, bado inasaga unga na kuvuta maji ya umwagiliaji sehemu nyingi za Kilimanjaro na Arusha ambako umeme haujafika au hautegemeki. Sailensa yake ya kiwandani ni kikopo chepesi cha bati. Kikishaliwa na kutu, kinachomelewa kipande cha bomba tupu na kazi inaendelea. Ukiwa Kibosho, Machame au Marangu, ambako kihamba (shamba la nyumbani) cha mtu kimepakana na cha mwenzake, mlio wa bomba lile unaingia hadi chumbani kwa jirani, na kwenye mteremko unasikika kijiji kizima. Si lazima iwe hivyo. Injini hizi zinaweza kutulizwa mpaka watu wawili wakazungumza nje ya kibanda bila kupaza sauti, na kazi yote inafanyika kwenye karakana yoyote yenye mashine ya kuchomelea na rola ya kukunja pleti.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kelele ya ekzosi hupungua kwa kuupa moshi nafasi ya kutanuka. Haipungui kwa kuuziba. Wengi wanaopachika vyuma vyenye matundu madogo, chenga za lezi au mawe ndani ya bomba hupata kimya kidogo kwa gharama kubwa: injini inakosa pumzi, inatoa moshi mweusi, inakula dizeli, na baada ya muda valvu ya ekzosi inaungua. Huku kwetu suala la pumzi ni zito zaidi. Arusha mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi ni mita 800 na ushee, na vijiji vya mlimani viko juu zaidi. Kwa makadirio, injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kila unapopanda mita 100. Injini ya farasi 12 ikiwa Arusha tayari ina upungufu, usiiongezee kizibo.

Hakikisha kwanza kelele ni ya ekzosi

Mashine ya kusaga ina vyanzo vinne vya kelele: ekzosi, mvuto wa hewa kwenye ea klina, injini yenyewe, na nyundo zinazopiga mahindi ndani ya chekeche. Usinunue pleti kabla ya kujua ni kipi kinachoongoza. Pakua programu ya kupima desibeli kwenye simu. Simu si kipimo rasmi, lakini kwa kulinganisha kabla na baada inatosha kabisa, mradi usimame palepale. Weka alama chini mita 7 kutoka kwenye ncha ya bomba, upande wa jirani, halafu pima mara tatu: injini peke yake bila mkanda, injini na mashine bila mahindi, kisha ikiwa inasaga. Chukua pia vipimo hivyo ukiwa umeunga kwa muda bomba la mita 5 au 6 linalopeleka moshi nyuma ya kibanda. Kama kusogeza mdomo wa ekzosi hakubadilishi kitu, tatizo liko kwenye nyundo au kwenye injini, na sailensa nzuri kuliko zote haitakusaidia.

Hapa kuna hesabu inayowashangaza wengi. Sauti mbili zenye ukubwa sawa zikilia pamoja, ukiizima moja kabisa kipimo hushuka desibeli 3 tu, na sikio linaona mabadiliko madogo. Ndiyo maana mtu anatengeneza sailensa nzuri halafu analalamika kwamba haifanyi kazi, kumbe bati la kibanda limelegea na linatetemeka pamoja na injini.

Kisha tafuta uvujaji. Moshi unaovuja kwenye flenji ya kichwa cha injini hutoa mlio mkali wa kupasuka ambao hakuna sailensa mbele yake itakayougusa. Angalia alama nyeusi za masizi kuzunguka gasketi. Injini ikiwa inazunguka polepole bila mzigo, vaa glavu nzito, bana mdomo wa bomba kwa kipande cha ubao kwa sekunde mbili au tatu, na usikilize: pakifoka, pana tundu. Badilisha gasketi, sugua uso wa flenji kwa faili mpaka ukae sawa kwenye kioo au pleti iliyonyooka, na kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo kila upande. Kaza tena baada ya injini kupata moto na kupoa, kwa sababu gasketi mpya hukaa chini. Kama gasketi ya zamani ni ya asbesto, iloweshe maji kabla ya kuikwangua na usiipige grainda. Vumbi lake linaharibu mapafu.

Kwa nini kikopo kidogo hakiui mdundo

S195 ina silinda ya kipenyo cha milimita 95 na mwendo wa pistoni wa milimita 115, yaani sentimita za ujazo 815. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika inawaka mara 1,000, sawa na karibu mara 17 kwa sekunde. Mdundo huo mzito ndio unaotikisa madirisha ya jirani, na juu yake kuna milio mikali inayozaliwa valvu inapofunguka ghafla.

Milio mikali ni rahisi kuipunguza. Chemba yoyote yenye kipenyo kikubwa kuliko bomba inaikata. Mdundo ni kazi nyingine. Tangi na bomba lake la kutokea hufanya kazi pamoja: hewa iliyo ndani ya tangi ni kama springi, na moshi uliojaa kwenye bomba ni kama mzigo ulioning'inizwa kwenye springi hiyo. Mfumo huo una mtikisiko wake wa asili. Ukiwa juu ya kasi ya mdundo wa injini, sailensa haiutulizi mdundo, na wakati mwingine inauongeza. Chukua tangi la lita 14 lenye bomba la kutokea la inchi 2 na urefu wa mita 1: mtikisiko wake ni karibu mara 30 kwa sekunde, jirani kabisa na mara 33 ambayo ni mara mbili ya mdundo wa injini. Sailensa hiyo itanguruma. Ukiweka tangi la lita 40 na bomba la mita 2.2, mtikisiko unashuka hadi kama 12, chini ya 17 za injini, na mdundo unaanza kumezwa.

Kwa hiyo vipimo vya kufanyia kazi ni hivi. Kwa S195: tangi la lita 40, mabomba ya inchi 2, bomba la kutokea lisipungue mita 2.2. Kwa ZS1115, yenye sentimita za ujazo 1,194 na mizunguko 2,200: tangi la lita 60, mabomba ya inchi 2 na nusu, bomba la kutokea mita 2 au zaidi. Kwa R175A ndogo ya pampu: lita 20, mabomba ya inchi 1 na nusu, bomba la kutokea mita 1 na nusu. Ukibana nafasi na kupunguza tangi, rudisha kwa kurefusha bomba. Nusu ya ujazo kwa urefu mara mbili hutoa mtikisiko uleule. Usipunguze kipenyo cha bomba ili kudanganya hesabu, maana hapo ndipo injini inapoanza kukabwa.

Kutengeneza tangi

Vipimo vinavyofuata ni vya S195. Tangi lina kipenyo cha ndani cha milimita 250 na urefu wa milimita 800, ambalo ni lita 39. Unahitaji:

- pleti nyeusi ya chuma ya milimita 3, kipande cha milimita 800 kwa 795, cha kukunjwa kwenye rola
- miduara mitatu ya milimita 250: miwili ya kufunika ncha, ya pleti ya milimita 4 au 5, na mmoja wa kugawa ndani, wa milimita 3
- bomba jeusi la inchi 2, jumla kama mita 3 na nusu
- fleksibo ya ekzosi ya lori, ya chuma cha kusukwa, ya inchi 2, urefu wa milimita 200 hadi 300
- flenji mbili za milimita 8 hadi 10, gasketi zake na bolti za M10
- engo ya 40 kwa 40 ya kutengenezea stendi

Pleti isiwe chini ya milimita 3. Bati jembamba linalia lenyewe kama ngoma, na utakuwa umehamisha kelele kutoka kwenye mdomo wa bomba kwenda kwenye ubavu wa tangi. Ncha bapa ndizo zinazotetemeka zaidi, ndiyo sababu ni nene. Ukiweza, chomelea juu yake msalaba wa flati ba ya milimita 25.

Usitumie bomba la maji lenye zinki. Linapochomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kichefuchefu, na joto la ekzosi huibandua zinki hiyo. Kama ni hilo tu ulilonalo, ondoa zinki kwa grainda sentimita 10 kila upande wa mshono na uchomelee nje, upepo ukiwa mgongoni.

Tangi la upepo wa breki za lori lililokwisha kutumika ni mbadala mzuri, na kwa wauza vyuma chakavu wa Unga Limited, Arusha, halikosekani. Chagua la chuma, sumaku ishike. Kujua lita zake, zidisha kipenyo kwa kipenyo kwa urefu, vyote kwa desimita, halafu zidisha kwa 0.785. Mtungi wa gesi ya kupikia achana nao. Hata ukiwa mtupu kwa miezi, gesi iliyobaki na mabaki yake vinaweza kulipuka grainda inapogusa, na unene wake hauna faida yoyote hapa.

Tangi linagawanywa chemba mbili zisizolingana: ya kwanza milimita 500, ya pili milimita 300. Zisilingane makusudi. Chemba huikosa milio ya urefu fulani, na zikilingana zote mbili zitaikosa ileile. Mabomba nayo yanaingia ndani badala ya kuishia ukutani. Bomba la kuingia lizame milimita 250 ndani ya chemba ya kwanza. Bomba la kuvuka, lenye urefu wa milimita 275 na unene wa pleti, litokeze milimita 125 kwenye chemba ya kwanza na 150 kwenye ya pili. Bomba la kutokea lizame milimita 75. Nusu ya urefu wa chemba upande mmoja na robo upande mwingine ndiyo siri yake. Kuzama huko kunaziba mianya ya milio ambayo chemba tupu ingeiachia. Kwa tangi la ZS1115, lenye kipenyo hichohicho na urefu wa milimita 1,200, gawa milimita 750 na 450 na ufuate uwiano uleule.

Mabomba yasitazamane mdomo kwa mdomo. Weka la kuingia chini ya katikati, la kuvuka juu, la kutokea chini tena, ili moshi ulazimike kugeuka.

Chomelea kwa mpangilio huu: kunja pleti na ushike mshono kwa vidoti, chomelea bomba la kuvuka kwenye mduara wa katikati ukiwa bado mezani, ingiza mduara huo mahali pake na uchomelee kuuzunguka wote. Fundi mwenye haraka huweka vidoti vinne hapo na kufunika, nao mduara unaachia baada ya wiki chache na kugonga ndani kama kengele. Acha tu mwanya wa milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya mduara, maji yapite. Kisha chomelea ncha zote mbili pamoja na mabomba yake. Mwisho toboa tundu la milimita 4 chini ya tangi, kwenye chemba iliyo upande wa mteremko.

Tundu hilo si pambo. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo injini ikiwa moto hutoka kama mvuke. Asubuhi tangi likiwa baridi, mvuke huo unageuka maji, unachanganyika na masizi na kuwa tindikali inayokula chuma kutoka ndani.

Kufunga

Tangi hili lina uzito wa zaidi ya kilo 20. Lisining'inie kwenye injini hata kidogo. Stadi (bolti) za kichwa zitakatika au flenji itapasuka. Likae kwenye stendi ya engo iliyofungwa sakafuni au ukutani, na kati yake na injini kuwe na fleksibo. Fleksibo ikae imenyooka. Ikikunjwa ili kufidia bomba lililopimwa vibaya, nyuzi zake hukatika mapema.

Bomba la mita 2 likipata joto la nyuzi 300 hurefuka kama milimita 7. Shika upande mmoja imara na upande wa pili tumia kishikio kinacholiacha liteleze, la sivyo utakuta mishono imepasuka bila kujua kwa nini. Linapopita ukutani au kwenye paa, liache nafasi ya milimita 100 kutoka kwenye mbao, na funika nafasi hiyo kwa kola ya bati. Kibanda cha kusagia kina vumbi la unga kwenye kila boriti, na vumbi hilo linashika moto. Moshi lazima utoke nje kabisa. Usiruhusu mdomo wa bomba uishie chini ya upenu wa paa au karibu na dirisha, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua.

Mdomo uelekee juu au upande usio na nyumba. Mwelekeo unasaidia sana kwa milio mikali na kidogo tu kwa mdundo. Kwenye mteremko wa mlima kumbuka kwamba jirani wa juu anaweza kuwa sawa kabisa na ncha ya bomba lako lililopanda juu ya paa. Hapo ni afadhali litoke upande wa bondeni. Mvua izuie kwa kukata ncha pembe ya nyuzi 45 au kwa kofia iliyoinuliwa walau sentimita 5. Kifuniko cha bawaba kinachocheza hakifai injini ya silinda moja. Kinagonga kila inapowaka.

Pima pumzi ya injini kabla ya kumaliza

Watu wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayoonyesha kama umetuliza injini au umeikaba. Chomelea nati ya M8 kwenye bomba, sentimita 15 hivi baada ya flenji ya injini, na utoboe ndani yake. Funga kijibomba cha shaba cha urefu wa nusu mita ili joto lipungue, halafu mpira mwembamba wa plastiki angavu uliokunjwa umbo la U na kufungwa kwenye ubao wenye urefu wa mita 1 hivi. Jaza maji hadi nusu. Maji yatarukaruka kwa kila mlipuko. Bana mpira kidogo kwa waya mpaka yatulie.

Washa, anza kusaga kwa mzigo wote, na soma tofauti ya usawa wa maji kati ya mikono miwili ya U. Kila milimita 100 ni karibu kilopaskali 1. Kwa injini hizi shikilia isizidi milimita 500. Kwa vipimo vilivyotolewa hapo juu inapaswa kuwa chini zaidi ya hapo. Ikizidi, tafuta kona kali, mshono uliojaza chuma ndani ya bomba, au bomba la kuvuka lililo karibu mno na ukuta. Ukimaliza, ziba nati kwa bolti. Utaihitaji tena masizi yakijaa.

Bila kipimo, dalili za kukabwa ni moshi mweusi mashine inapopewa mahindi, mizunguko kushuka hata gavana (kidhibiti cha mizunguko) ikiwa imefunguka, na maji ya kupoza kupungua haraka. Kuchemka kwenyewe si dalili. S195 ya tangi la wazi hupoza kwa kuchemsha maji.

Shimo la matofali

Mashine isiyohamishwa inaweza kutumia shimo badala ya tangi, na kwa mdundo mzito hakuna kinachoshinda. Shimo la ndani sentimita 60 kwa 60 kwa 60 lina lita 216. Jenga kwa tofali za kuchoma, unene wa inchi 9, sakafu ya kokoto ili maji yanywewe, na mfuniko wa zege la sentimita 10 lenye nondo za milimita 10. Moshi uingie juu upande mmoja na utoke upande wa pili kwa bomba la inchi 3 linalopanda juu ya paa. Mbele ya mdomo wa kuingilia simamisha kipande cha pleti, kwa sababu zege linalopigwa na moshi wa moto kila siku hubanduka.

Hatari yake ni maji. Masika ya Machi hadi Mei yakilijaza shimo, maji yanaweza kurudi hadi kwenye silinda, na injini ikizungushwa, konrodi inapinda. Shimo liwe chini kuliko injini, likingwe kwa mtaro, na bomba lipande walau nusu mita juu ya mfuniko kabla ya kushuka ndani. Injini ikigoma kuwaka na umezungusha sana, acha shimo lipumue kabla ya kuendelea, kwani mvuke wa dizeli uliojikusanya unaweza kulipuka. Pipa la lita 200 lililofukiwa hufanya kazi hiyohiyo kwa muda mfupi, mpaka litobolewe na kutu.

Kinachobaki baada ya ekzosi

Ea klina isiyo na kifuniko inavuma. Irudishie kifuniko chake na mafuta yake. Injini inayogonga kama nyundo kwenye fuawe ina muda wa kupulizia dizeli uliosogezwa mbele mno au nozeli inayodondosha; hilo ni la fundi wa pampu.

Puli nayo inasaidia. Ukibadilisha puli ya injini kutoka inchi 10 kwenda 12, nyundo zitapata mizunguko ileile injini ikiwa kwenye 1,700 badala ya 2,000. Kelele inashuka kila mahali kwa pamoja, lakini nguvu inapungua karibu asilimia 15, hivyo fanya hivyo tu kama mashine yako ina nguvu ya akiba. Ukibadilisha, urefu wa mkanda na kinga yake hubadilika pia. Na kwa kuwa mdundo umeshuka hadi mara 14 kwa sekunde, refusha bomba la kutokea angalau hadi mita 3.

Kila wiki choma tundu la chini ya tangi kwa waya. Likiziba, maji hukaa. Kila baada ya miezi mitatu pima tena kwa U. Usomaji ukipanda milimita 100 juu ya ule wa siku ya kwanza, fungua flenji, gonga tangi kwa nyundo ya mbao na utoe masizi.